Rojo la Mama Mia Nne

Siku ya kwanza fundi majiko kumtia machoni, mama yule alikuwa amebeba jiko kichwani na anagombana nalo njia nzima.

"Miaka ishirini na tisa nimepika kwa kuni, hazijawahi kunizimikia. Leo wewe, bati la juzi, unanizimikia rojo likiwa nusu? Huna haya?"

Alilitua mbele ya kibanda cha fundi, akajifuta jasho kwa upande wa kanga, akamkagua fundi kuanzia viatu mpaka nywele. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwili wa kubeba magunia, sauti ya kuazima. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya majiko ya watu, bisibisi mkononi, macho chini.

"Wewe ndiye fundi?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Umekatwa ulimi?"

"Hapana, mama."

"Afadhali. Nilidhani nimeleta jiko bubu kwa fundi bubu, tungeelewana vipi?"

Fundi akalifungua lile jiko la mafuta ya taa. Tambi zote kumi zilikuwa zimegandamana kwa kitu chekundu kilichokauka, kimemwagikia mpaka kwenye tangi. Alipokikwangua kwa ncha ya bisibisi, harufu ikapanda: nyanya, kitunguu, mafuta. Tumbo likamnguruma hadharani. Kwa kawaida hakuwa akimuuliza mteja neno lisilohusu jiko, lakini siku hiyo swali lilimtoka lenyewe.

"Ulikuwa unapika nini, mama?"

"Rojo la nyanya. Wewe kwako mnapika nini?"

Fundi akafikiri. "Chai."

"Hiyo asubuhi. Mchana?"

"Chai na mkate."

"Na jioni?"

Fundi akainama kutafuta parafujo ambayo haikuwa imeanguka.

Kumbe mama huyo alikuwa amehamia wiki ile ile kwenye nyumba aliyopanga fundi, mlango wa tatu kutoka kwake, ua mmoja, bomba moja. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule ya bweni. Wanafunzi mia nne kila siku, asubuhi, mchana na jioni, na ndiyo maana majirani hawakumaliza hata siku tatu kabla ya kumbandika jina la Mama Mia Nne. Jina alilipenda. Alichokuwa hapendi ni kuulizwa umri, kushindwa karata, na kuona mtu anakata karoti kwa miviringo.

Aliyoyaona uani yalimtosha kuelewa habari ya chai. Mke wa fundi alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, akamwachia mabinti wawili, mmoja wa miaka tisa na mmoja wa mitano. Fundi aliwafulia, aliwasuka nywele vibaya, aliwapeleka shule. Kupika ndiko kulikomshinda. Mtu aliyetengeneza majiko ya mtaa mzima, akifika mbele ya jiko lake mwenyewe alisimama kama mgeni. Walikula mkate. Wakijitahidi sana walikula wali mweupe, mkavu, unaokwama kooni mpaka mdogo akauita "mchanga". Mwalimu akaandika barua kwamba mtoto analala darasani.

Habari ikamfikia dada yake fundi, mkubwa wake wa tumbo moja, mwanamke mwenye nyumba yake na roho nzuri na maneno ya haraka. Alikuja, akafunua sufuria moja, akafunua ya pili, akakaa kitini.

"Mdogo wangu, hapa hakuna malezi. Mwisho wa muhula nakuja kuwachukua wote wawili. Watakaa kwangu, watakula, watanenepa. Wewe utakuwa unakuja kuwaona sikukuu. Sawa?"

"Sawa, dada," alisema fundi.

Hakumaanisha. Lakini neno hilo ndilo lililomwendesha tangu utotoni. Alipotolewa shule darasa la saba aambatane na mjomba kujifunza ufundi, alisema sawa. Hata kuoa, aliyeuliza ni marehemu mkewe. Yeye alijibu sawa, na hiyo ndiyo sawa pekee aliyowahi kuitamka kwa moyo wake wote. Sasa alikuwa ameitumia kugawa watoto wake. Kila asubuhi alipowafunga vifungo vya sare alihesabu wiki zilizobaki, na kumpigia dada yake kumwambia la, hakuweza.

"Nitengenezee jiko," alisema Mama Mia Nne aliporudi kibandani kuliulizia, "mimi nitakutengenezea jioni zako. Rojo moja tu. Ukilijua hilo, wali si mchanga tena, kiazi ni chakula, yai ni chakula, maharage yanapata nguo. Tutapika Jumapili. Andika."

Fundi akachukua penseli, akaandika nyuma ya kifuniko cha boksi kwa herufi kubwa kubwa, naye mama akimtajia bila kusita, macho kayafumba kama anayesali: nyanya tenga moja, zilizoiva mpaka ziwe tayari kulia, vitunguu maji ndoo moja, kitunguu saumu vichwa thelathini, karoti nusu ndoo, mafuta lita tatu, chumvi.

Tenga zima la nyanya kwa watu watatu? Fundi aliona ni nyingi. Lakini amuulize mpishi wa miaka ishirini na tisa? Akanyamaza. Jumapili asubuhi akarudi kutoka sokoni na mkokoteni.

Mama Mia Nne alitoka mlangoni kwake na mwiko mkononi, akaliona tenga, akasimama.

"Hili lote la nani?"

"Letu, mama. Si ndivyo ulivyosema?"

"Nilisema kwa watu wangapi?"

"Hukusema."

"Na wewe hukuuliza?"

Fundi akatazama viatu vyake. Mama akacheka mpaka akaketi juu ya ukingo wa tenga, akashika ubavu. "Nimekutajia ya mia nne! Mungu wangu! Mimi kipimo kingine sikijui, mwanangu. Nikipika peke yangu nyumbani huwa nabahatisha tu. Na wewe ukaenda ukanunua chakula cha bweni zima, kimya kimya!"

Wangefanyaje? Nyanya iliyoiva haina subira, kesho yake ni jalala. Fundi akaenda kibandani, akarudi na majiko ya wateja, matano, yaliyokwisha kutengenezwa yakisubiri wenyewe. Akayapanga uani pamoja na lile la mama. "Nitakuwa nayajaribu," alijitetea, ingawa hakuna aliyemuuliza. Majirani wakawaazimisha sufuria. Mama akasimama katikati kama yuko jikoni kwake tena, na sauti ya mia nne ikamrudia.

"Mkubwa, chanja alama kwenye kitako cha kila nyanya, hivi. Mdogo, nihesabie thelathini. Fundi, maji ya moto!"

Nyanya zikatumbukizwa kwenye maji yanayochemka, mdogo akahesabu thelathini akiruka kumi na saba, zikatolewa zikatiwa kwenye maji baridi, na maganda yakavulika kama soksi. Watoto walicheka kwa hilo kuliko kitu chochote mwaka ule. Vitunguu vikakaangwa polepole, vilegee bila kuungua. Kitunguu saumu kikafuata, kidogo tu, kabla hakijawa kichungu. Karoti zikakwaruzwa. "Karoti ndiye mpatanishi," mama alieleza. "Nyanya peke yake ina ugomvi." Kisha nyanya zenyewe, zilizopondwa kwa mkono, chumvi, moto mdogo, kifuniko wazi kidogo. "Subirini mafuta yapande juu. Mafuta yakikaa juu na rojo likakaa chini, kila mmoja kwake, limeiva."

Kitu kimoja fundi alikigundua lakini hakukitilia maanani. Mama hakuonja. Alichota kwa mwiko, akapuliza, akampa fundi.

"Onja. Vipi?"

"Sawa, mama."

Sufuria ya pili: "Sawa, mama." Ya tatu ilimkunja uso, chumvi imetiwa mara mbili. Alitazama yale macho yanayongoja, akaona ni utovu wa adabu. "Sawa, mama." Ya tano haikuwa na chumvi kabisa. "Sawa."

Jioni rojo lilitiwa kwenye chupa za mdomo mpana zilizochemshwa, likagawiwa nyumba nzima na nyumba ya jirani. Fundi aliwapakulia watoto wali, akaumwagia rojo juu. Kwa bahati mbaya chupa aliyofungua ilitoka sufuria ya tatu. Mkubwa alimeza kwa heshima. Mdogo alitema, akalia, akaomba mkate.

Asubuhi mshona nguo wa mlango wa pili alikuja na bakuli lake uani.

"Mama Mia Nne, shikamoo."

"Marahaba."

"Mama, jana ulikuwa unatupikia au unatukausha tusioze?"

Watu wakacheka. Mama Mia Nne, ambaye siku zote jibu lilikuwa mdomoni kabla ya swali, safari hii alinyoosha mkono tu. Alilichukua bakuli, akalitazama, akaenda moja kwa moja kibandani kwa fundi.

"Lilikuwa na chumvi nyingi?"

Fundi akaendelea kukwangua tambi.

"Nakuuliza wewe uliyeonja."

"Lilizidi, mama. La tatu. Na la tano... halikuwa nayo."

"Ukaniambia sawa."

"Niliona nitakukosea heshima."

Mama akavuta kigoda, akakaa. Sauti yake ilishuka mpaka ikafanana na ya fundi.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi niliugua miaka miwili iliyopita, homa kali, wiki tatu. Nilipopona, pua na ulimi havikupona. Sinusi kitu. Sionji kitu. Sukari, chumvi, majivu, kwangu ni mamoja. Ndiyo maana niliacha kazi shuleni kabla hawajajua. Mpishi asiye na ulimi ni nani? Nimeficha mpaka kwa mwanangu wa kumzaa. Jana nilikuwa nimeazima ulimi wako, na wewe ukanipa heshima. Heshima haitiwi kwenye sufuria, fundi. Chumvi ndiyo inayotiwa."

Fundi alihisi uso unamchoma. Alitaka kuomba radhi lakini neno lililomjia lilikuwa lile lile, sawa, akalimeza.

Labda kwa sababu mama alikuwa amemwambia siri yake, na yeye akamwambia ya kwake. Ilichukua muda, kwa vipande, huku akifunga na kufungua parafujo moja. Alimweleza habari ya dada, ya mwisho wa muhula, ya jibu alilotoa.

"Zimebaki wiki ngapi?"

"Saba."

"Unataka waende?"

"Hapana."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

Mama akasimama, akajikung'uta kanga. "Haya. Kuanzia leo jikoni kwangu neno sawa ni marufuku. Ukilisema, unaosha sufuria."

Fundi akaosha sufuria nyingi. Kila Jumapili walipika, safari hii nyanya kilo mbili, maana fundi mwenyewe alikaa na penseli akagawa mia nne mpaka akafikia watatu na jirani mmoja: nyanya kumi na mbili, vitunguu viwili, karoti moja, punje tatu za kitunguu saumu, mafuta vijiko vinne. Mama aliongoza mikono, fundi akatoa ulimi. Mwanzoni ilikuwa kama kung'oa meno.

"Vipi?"

"Sa... Ni kali."

"Kali ya pilipili au kali ya ndimu?"

"Ya ndimu."

"Kwa hiyo?"

"Karoti kidogo. Au lichemke zaidi."

"Lipi kati ya hayo?"

"Lichemke."

"Umeona? Hujafa."

Wiki ya nne alimwambia, bila kuulizwa, kwamba vitunguu vyake vimeungua na rojo lina uchungu. Mama alinuna hadi jioni. Halafu akaja na karata, akashindwa, akanuna tena. Lakini nyumbani kwa fundi sahani zilikuwa zinarudi tupu. Mdogo alijifunza kufuta sahani kwa ukoko wa mkate. Rojo lilimwagiwa juu ya wali, juu ya viazi vya kuchemsha, likavunjiwa mayai ndani likiwa linachemka. Barua ya pili ya mwalimu ilisema mtoto anaongea sana darasani. Fundi aliisoma mara tatu, akaikunja vizuri, akaiweka pamoja na cheti cha ndoa.

Alijaribu kumshukuru mama. "Shukrani tia kwenye sufuria yangu," alijibiwa, "irudi imeoshwa."

Mwisho wa muhula ukafika, na dada akafika, na mabegi mawili mapya ya watoto. Mama Mia Nne alikataa kabisa kuwepo. "Nikiwepo atasema nimepika mimi. Nitakaa mlangoni kwangu. Ukikosa la kusema, usinitazame."

Dada alikula. Aliongeza. Akafunua sufuria kama kawaida yake, akachungulia ndani.

"Nani kapika?"

"Baba," akasema mdogo. "Na mimi nilihesabu."

"Mdogo wangu, umenishangaza. Kitamu kweli." Akanawa mikono. "Haya wanangu, leteni nguo zenu tupange mabegi, gari letu ni saa tisa."

Mkubwa akamtazama baba yake. Hakulia, hakusema. Alimtazama tu, na fundi akaona kwamba mtoto amerithi ukimya wake, kwamba naye yuko tayari kusema sawa.

"Dada," fundi alisema. "Watoto hawaendi."

"Hawaendi wapi?"

"Kwako. Wanabaki hapa."

"Si tulikubaliana? Nilikuuliza hapa hapa, ukasema sawa!"

"Niliogopa kukukatalia. Nilikosea, dada, nisamehe. Ila sitaki waende. Sikutaka hata siku ile."

"Kwa hiyo umepika rojo moja unajiona mama wa watu? Kuna homa, kuna shule, kuna mambo ya wasichana, utayaweza?"

"Mengine sitayaweza. Nitakuuliza wewe."

"Na mabegi haya nimeyanunua ya nini?"

"Yatafaa shule," alisema mkubwa, kwa sauti ndogo, na dada akacheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Kisha akakumbuka. Alichukua mkoba wake akaondoka saa nane, saa nzima kabla ya gari, bila kuaga. Mabegi aliyaacha.

Uani Mama Mia Nne alikuwa kwenye kigoda chake, anamenya kitunguu ambacho tayari kilikuwa kimekwisha menywa. Fundi akamwambia, "Wanabaki." Mama akaitikia kwa kichwa, akajifuta macho, akalaumu kitunguu.

Dada hakupiga simu miezi mitatu. Siku alipopiga hakusalimia. Aliuliza, "Ile karoti, mnaikata au mnaikwaruza?" Fundi akamweleza mpaka salio likaisha.

Waliishi hivyo miaka sita, milango mitatu kati yao, sufuria zikienda na kurudi. Mama hakuwahi kuwaambia wengine habari ya ulimi wake, wala fundi hakuisema. Kila Jumapili mama aliketi naye, na chakula kilipopakuliwa fundi alimsimulia: leo nyanya ni tamu, zimekaa juani, leo kitunguu kimetangulia, kinafuatwa na chumvi kwa mbali. Mama alitafuna polepole akisikiliza, na mara nyingine alisema, "Ehee, nimekipata," ingawa wote wawili walijua si kweli. Wateja nao walizoea. Walisema fundi yule siku hizi ukimletea jiko bovu anakwambia ni bovu, kanunue jingine.

Mwaka wa saba miguu ya mama ilivimba, kisha moyo ukachoka. Mwanawe alikuja kutoka mbali akamlaza hospitali. Fundi alikwenda kila alasiri baada ya kufunga kibanda, na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na wagonjwa wa jirani walizoea kunyamaza fundi akianza kusimulia rojo, maana walikuwa wanakula uji wa hospitali na masimulizi yale yaliwafaa nao.

Alasiri moja mama hakuweza kula zaidi ya vijiko viwili. Saa ya kutazama wagonjwa ikaisha, muuguzi akapita akigonga ukingo wa kila kitanda. Fundi hakuinuka. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Akamwambia mama kwamba asingekuwa yeye, nyumba yake leo ingekuwa na kitanda kimoja. Kwamba mkubwa amechaguliwa kuendelea na masomo na mdogo ndiye anayepika siku za Jumatano. Kwamba asante ni neno dogo lakini ndilo alilo nalo. Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kusema mfululizo.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa. Kisha akafumbua jicho moja, akatazama dirisha, akaona jua lilivyoshuka.

"Mimi si sufuria ya rojo, fundi, siungui ukiniacha," alisema. "Nenda nyumbani, watoto wanakungoja mle pamoja."